Nguzo 22 za Namugongo

Kila mwaka, majuma machache kabla ya tarehe 3 Juni, njia kuu ziendazo Kampala hujaa watu waendao kwa miguu. Huenda makundi kwa makundi, wazee kwa vijana, wakiwa na rozari mikononi na mizigo midogo mgongoni. Wako watokao magharibi na kaskazini ya Uganda, na wako waliovuka mipaka kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wote waelekea mahali pamoja, nao ni Namugongo. Njiani huomba maji, huuliza njia na huombana radhi. Na kwa kuwa watu hawa hawana lugha moja ya nyumbani, mara nyingi maneno hayo husemwa kwa Kiswahili.

Sisi tunaofundisha Kiswahili upande huu wa Ziwa tumeona vema kuandika habari za kanisa la Namugongo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kanisa lenyewe ni jengo la pekee, ambalo maana yake yasomeka katika umbo lake kama vile maneno yasomekavyo katika kitabu. Ya pili ni kwamba katika habari za mahali hapa imo sehemu ya historia ya lugha yetu, sehemu ambayo watu wengi wameisahau, nasi pia tumeisahau mara kwa mara.

Mahali penyewe

Namugongo ni mahali palipo yapata kilomita 15 kaskazini mashariki ya jiji la Kampala, katika wilaya ya Wakiso. Leo mji umekwisha kupafikia, na nyumba na maduka yamesogea hadi ukingoni mwa viwanja vya kanisa. Lakini katika karne ya 19 palikuwa mbali na makao ya Kabaka, na jina lake lilitiwa hofu; kwani Namugongo ilikuwa mojawapo ya mahali palipotengwa kwa kuwaulia watu waliohukumiwa na mfalme wa Buganda. Hapo ndipo alipokaa Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka, pamoja na watu wake. Kazi yao ilikuwa ya kurithi, nayo ilikuwa na taratibu zake kama kazi nyingine za ikulu.

Yafaa msomaji ajue tangu mwanzo kwamba Wakristo hawakuwa wa kwanza kufa hapo kwa ajili ya dini. Uislamu uliingia Buganda kabla ya Ukristo, ukiletwa na wafanya biashara Waarabu na Waswahili waliofika tangu zama za Kabaka Suuna. Mwanawe, Mutesa wa Kwanza, aliyetawala tangu 1856 hadi 1884, aliipenda sana elimu ya wageni hao. Alijifunza Kiswahili na Kiarabu kidogo, akafunga Ramadhani kwa miaka kama 10, na akaamrisha watu wake wafanye vivyo hivyo. Lakini vijana wengine wa ikulu walipozama katika dini hiyo hata wakakataa kula nyama iliyochinjwa na watu wasiotahiriwa, huku wakimwona Kabaka mwenyewe kuwa hafai kuwaongoza katika sala, Mutesa aliona ufalme wake umeguswa. Mwaka 1876 aliwaua wengi wao, na idadi itajwayo mara nyingi ni watu 70 au zaidi. Wengi katika hao waliuawa Namugongo. Leo pana msikiti hapo wa kuwakumbuka.

Kwa hiyo ardhi hii haikuchaguliwa na Wakatoliki, wala na Waanglikana, wala na Waislamu. Ilichaguliwa na wenye amri, na watu wa dini zote tatu wakaikuta.

Lugha iliyotangulia

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sana sisi walimu. Maneno ya dini mpya yalifikaje masikioni mwa vijana wa ikulu ya Buganda? Wengi hudhani kwamba wamisionari walikuja wakasema Luganda tangu siku ya kwanza. Sivyo. Luganda wakati huo haikuwa na vitabu vilivyopigwa chapa, na wageni hawakuijua. Lugha iliyokuwapo tayari, yenye kueleweka pwani na baraza la Kabaka vilevile, ilikuwa Kiswahili.

Henry Morton Stanley alipofika kwa Mutesa mwezi Aprili 1875, mazungumzo yao yalipitia Kiswahili. Katika msafara wake alikuwamo kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyekombolewa utumwani akalelewa katika shule ya Misheni ya Vyuo Vikuu huko Unguja. Kijana huyo alijua kusoma na kuandika. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki Buganda akiwa msomaji na mwandishi wa Kabaka, na mafundisho ya Biblia yaliyosikika ikuluni kabla ya kuwasili mmisionari yeyote wa kukaa yalitoka kinywani mwake. Vitabu vyetu humtaja Stanley kwa kurasa nyingi na Dallington kwa mstari mmoja. Mwalimu wa lugha yafaa ajue kwamba mwalimu wa kwanza wa Ukristo katika ikulu ya Buganda alikuwa kijana Mwafrika aliyefundisha kwa Kiswahili.

Wamisionari Waanglikana wa kwanza walifika tarehe 30 Juni 1877. Alexander Mackay, fundi na mwalimu, aliwafuata mwaka 1878, na kazi yake ya awali ilikuwa kuwasomea vijana sehemu za Biblia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili cha Unguja na Askofu Edward Steere. Wamisionari Wakatoliki, yaani Mapadre Weupe, walitoka Bagamoyo mwezi Juni 1878, wakapitia Tabora, na tarehe 17 Februari 1879 Padre Siméon Lourdel pamoja na Bruda Amans walishuka Kigungu, karibu na Entebbe ya leo. Baganda walimwita Lourdel kwa jina la Mapeera, kutokana na neno la Kifaransa la kumwitia padre. Naye pia alianza na lugha aliyojifunza njiani, yaani Kiswahili, kabla ya kuizoea Luganda.

Alama za wakati huo zimebaki katika Luganda yenyewe. Kitabu huitwa ekitabo, kalamu huitwa ekkalaamu, na dini huitwa eddiini. Maneno hayo yalipita mikononi mwa Waswahili kabla ya kufika nyanda za Buganda. Na liko neno moja la kuzingatia kuliko yote. Watu waliofuata dini mpya, wawe Waislamu au Wakristo, waliitwa abasomi, maana yake wasomaji. Katika Luganda okusoma ni kusoma maandishi, na pia ni kusali. Hivyo, siku ya hukumu ilipofika, kosa la vijana lilitajwa kwa neno ambalo sisi hulitamka kila siku darasani.

Mei na Juni 1886

Mutesa alifariki mwezi Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana asiyezidi miaka 20. Alirithi ufalme wenye hatari pande zote. Wazungu walikuwa wakijikatia nchi pwani, na habari hizo zilimfikia. Ndani ya ikulu, wakuu wa zamani walimwonya kwamba vijana wasomaji wamepata bwana mwingine. Tarehe 31 Januari 1885 waliuawa vijana watatu Waanglikana huko Busega. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga, kwa kuwa alikuja kwa njia ya mashariki, ambayo Baganda waliiogopa kuwa ndiyo mlango wa maadui. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mkubwa wa vijana wa ikulu, alithubutu kumlaumu Kabaka kwa kifo hicho. Naye aliuawa tarehe 15 Novemba 1885.

Liko na jambo jingine, ambalo mwalimu aweza kulieleza kwa adabu bila kulificha. Mkubwa wa vijana alikuwa akiwakinga wadogo wake wasitumiwe na Kabaka kwa tamaa za mwili. Balikuddembe alifanya hivyo, na Karoli Lwanga aliyeshika nafasi yake akafanya hivyo hivyo. Mwanga alikuwa mfalme ambaye amri yake haikuwa na mpaka, na hapo akakuta vijana wasemao kwamba ipo amri asiyoweza kuitoa. Siasa, hofu na hasira binafsi vilikutana.

Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alirudi Munyonyo kutoka kuwinda viboko ziwani, akakuta watumishi wake hawapo. Alipopata habari kwamba mmoja wao, Dionisi Sebuggwawo, alikuwa akimfundisha mwenziwe dini, alimpiga kwa mkuki, na kijana huyo akauawa. Usiku huo Lwanga aliwabatiza wale waliokuwa hawajabatizwa, akiwamo Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14. Kesho yake wakaitwa barazani, wakaambiwa wasomaji wajitenge. Wakajitenga.

Walifungwa, wakaongozwa kwa miguu hadi Namugongo. Baadhi yao waliuawa njiani. Waliofika walikaa kifungoni karibu juma zima, huku kuni na matete vikikusanywa. Katika wafungwa hao alikuwamo Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani mwa Mukajanga mwenyewe. Jamaa zake walimsihi siku zote hizo aseme neno moja tu la kukana, au akubali kufichwa. Hakukubali. Mukajanga aliamuru apigwe rungu kwanza, asije akauhisi moto. Katika habari zote za Namugongo hatujui iliyo nzito kuliko hiyo, kwani ndani yake twamwona mwuaji naye akiwa mzazi.

Siku ya Alhamisi, tarehe 3 Juni 1886, ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Karoli Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, kwa moto wa polepole. Wengine wakafungwa katika matete, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, wakatiwa motoni. Vijana watatu waliosamehewa dakika za mwisho waliyaona hayo kwa macho, na mmoja wao, Denis Kamyuka, aliishi miaka mingi akayasimulia. Kwa sababu hiyo twajua mengi kuliko ilivyotarajiwa.

Nyumba ya msonge

Mashahidi Wakatoliki 22 walitangazwa wenye heri tarehe 6 Juni 1920 na Papa Benedikto XV, na wakatangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea. Baada ya hapo ilionekana kwamba yafaa Namugongo pajengwe kanisa kubwa la hija. Swali likawa: lijengwe kwa umbo gani?

Jibu la zamani lilijulikana. Tazama kanisa kuu la Rubaga, lililojengwa kati ya 1914 na 1925: nyumba ndefu ya matofali, yenye minara miwili mbele na safu za nguzo ndani, kama makanisa ya Ulaya. Ni jengo zuri, na jasho la Waganda wengi limo katika matofali yake. Lakini umbo lake lilikuja limekwisha kutungwa. Namugongo palichaguliwa njia nyingine. Kazi ya kuchora ilipewa Justus Dahinden, msanifu wa majengo kutoka Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2020. Yeye alikwisha kufanya kazi Uganda. Kanisa la mahujaji huko Mityana, mahali alipouawa shahidi Noa Mawaggali, mfinyanzi, nalo ni la mkono wake. Kwa Namugongo alichukua umbo la akasiisiira, yaani kijumba cha asili cha Baganda, ambacho sisi kwa Kiswahili twakiita nyumba ya msonge.

Tulitazame jengo hilo kwa nje kwanza. Lina umbo la duara, na paa lake lapanda kutoka karibu na ardhi hadi kileleni, likichongoka kama pia iliyopinduliwa. Katika nyumba ya msonge ya asili ukuta hauonekani sana. Paa la nyasi ndilo nyumba. Dahinden aliishika kanuni hiyo. Lakini mahali pa miti na nyasi aliweka chuma na shaba nyekundu. Kuzunguka jengo zimesimama nguzo 22, zikiinuka kwa mshazari kutoka chini na kukutana juu, kama miti ya kijumba inavyofungwa pamoja kileleni. Kila nguzo ni shahidi mmoja. Jua la asubuhi likipiga, shaba hiyo hung'aa kwa rangi ya moto uliofifia. Na mtu aijuaye historia ya mahali hapo hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndani, kanisa lachukua watu wapatao 1,000. Hakuna ule urefu wa makanisa ya zamani, ambamo padre alikuwa mbali mbele na watu nyuma yake. Duara huwakusanya watu kuizunguka madhabahu, kama jamaa wanaozunguka moto wa jioni. Jambo hili halikuwa la desturi ya Kiafrika peke yake. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulikwisha kutoa hati yake juu ya liturujia, iliyotaka waumini washiriki ibada kwa ukamilifu, wala wasiwe watazamaji. Hivyo nyumba ya babu zetu na fikira mpya ya Kanisa vilikutana katika duara moja. Na madhabahu yenyewe imewekwa palipokumbukwa kuwa ndipo alipochomwa Karoli Lwanga.

Papa Paulo VI alifika Uganda mwaka 1969, tangu tarehe 31 Julai hadi 2 Agosti. Alikuwa Papa wa kwanza kulitembelea bara la Afrika akiwa madarakani. Aliwaambia maaskofu waliokutana Kampala kwamba Waafrika waweza, tena yawapasa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Siku ya mwisho alikwenda Namugongo akaibariki madhabahu ya kanisa litakalojengwa. Twaweza kusema kwamba jengo la Dahinden ni jaribio la kuyatia maneno yale katika shaba na chuma. Kanisa lilifunguliwa rasmi tarehe 3 Juni 1975 na Kadinali Sergio Pignedoli, mjumbe wa Papa. Uganda ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin, na watu wengi walikuwa wakipotea bila kaburi. Waliokusanyika siku ile kuwakumbuka vijana waliouawa kwa amri ya mtawala hawakuhitaji mhubiri wa kuwafafanulia.

Baadaye kanisa lilipewa cheo cha basilika. Papa Yohane Paulo II alifika hapo mwezi Februari 1993, na Papa Fransisko tarehe 28 Novemba 2015. Kwa kuwa siku ya hija watu huwa malaki, na kanisa halitoshi, karibu na jengo limechimbwa ziwa dogo. Katikati ya ziwa kipo kisiwa chenye paa na madhabahu, ambapo ibada kuu husomwa, na mahujaji huketi kwenye miteremko inayolizunguka. Siku zilizobaki za mwaka pahali hapa ni parokia kama parokia nyingine: watoto hubatizwa, vijana hufunga ndoa, na wazee huzikwa.

Jengo linalohesabu

Msomaji aliyepata kwenda Kasubi, ndani ya Kampala, atakuwa amekwisha kukumbuka jengo jingine. Hapo Kasubi yasimama Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya msonge iliyojengwa na Mutesa mwaka 1882 iwe ikulu yake, nayo ikawa kaburi lake mwaka 1884. Kipenyo chake chazidi mita 30. Ukiingia na kuinua macho, waona pete zilizofungwa ndani ya paa, moja juu ya nyingine, nazo ni 52, kwa hesabu ya koo za Buganda. Nyumba hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ikaungua tarehe 16 Machi 2010, na ikajengwa upya kwa kazi ya miaka mingi.

Basi tunazo nyumba mbili za msonge, na zote mbili zahesabu. Ya Kasubi yahesabu koo zinazoubeba ufalme; ya Namugongo yahesabu watu waliouawa na ufalme. Katika ile ya kwanza amelala Mwanga mwenyewe. Aliondolewa katika kiti chake, akapelekwa uhamishoni Shelisheli mwaka 1899, akafa huko mwaka 1903 akiwa amebatizwa, na mifupa yake ikarudishwa kulazwa karibu na baba yake. Mwuaji na waliouawa wamehifadhiwa chini ya paa la umbo moja. Hatudhani kwamba msanifu alikusudia tufikiri hivyo, lakini nyumba zikikaa muda mrefu husema na yale ambayo wajenzi hawakuyakusudia.

Tena yafaa kuangalia hesabu ya Namugongo kwa makini. Nguzo ni 22, lakini waliokufa hapo tarehe 3 Juni katika hao 22 ni 13, pamoja na Lwanga. Wengine tisa walikufa mahali pengine na siku nyingine: Balikuddembe kabla yao, Mathias Mulumba huko Kampala ya Kale, Mawaggali huko Mityana, na wa mwisho, Yohane Maria Muzeeyi, tarehe 27 Januari 1887. Kwa hiyo nguzo zahesabu jamaa nzima, si wafu wa mahali pamoja tu.

Lakini je, wale wasiohesabiwa? Mashahidi Waanglikana wanaojulikana kwa majina ni 23, na wengine wao walichomwa moto mmoja na Wakatoliki. Kumbukumbu yao iko mwendo mfupi kutoka basilika, mahali penyewe palipowashwa moto ule mkubwa. Waislamu wa 1876 wana msikiti wao. Vijana waliofungwa pamoja, wakangoja pamoja, wakafa pamoja, wametenganishwa na wale waliobaki hai. Kwani baada ya 1886 yakaja mapigano ya dini, na mwezi Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo kwa bunduki. Waliitwa Bafransa na Bangereza, kana kwamba si Waganda tena. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale 22 aliwataja kwa heshima na wenzao Waanglikana, na alipokuja mwaka 1969 alikwenda pia mahali pao. Lakini katika shaba nguzo zimebaki 22.

Hatusemi haya ili kulilaumu jengo. Kila kumbukumbu huchagua. Twasema ili mwanafunzi ajifunze kuuliza, mbele ya kila mnara na kila sanamu: ni nani amehesabiwa hapa, na ni nani hakuhesabiwa?

Neno kwa walimu

Kuna mwingine asiyehesabiwa Namugongo, naye ni lugha yetu. Mtu aweza kuzunguka viwanja vyote, pamoja na msikiti na kanisa la Waanglikana, akatoka bila kujua kwamba neno la kwanza la dini hizi lilisemwa hapa kwa Kiswahili. Sababu yajulikana. Kiswahili kilikuja pamoja na waalimu, lakini pia pamoja na wanunuzi wa watumwa na pembe. Gavana William Gowers alipotaka mwaka 1927 kukikuza katika shule na ofisi, Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi mwaka 1929, na viongozi wa misheni wakakipinga vilevile, wakiitetea Luganda. Kikabaki zaidi kuwa lugha ya askari. Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, watu wengi walikisikia kutoka vinywani mwa wenye bunduki kwenye vizuizi vya barabara. Mtu aliyeamrishwa ashuke garini kwa lugha fulani, usiku, hawezi kuipenda kwa sababu mwalimu amesema ni lugha tukufu.

Hali imebadilika katika sheria. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule. Lakini sheria hufungua mlango tu. Anayemwingiza mtoto ndani ni mwalimu. Na mwalimu akikutana na mzazi asemaye kwamba Kiswahili ni lugha ya wezi na askari, asimbishie kwa ukali, maana mzazi huyo husema aliyoyaona. Amkubalie, kisha amweleze na habari za Dallington aliyeketi na kitabu mbele ya Mutesa. Za Mackay na Mapeera waliokosa lugha nyingine ya kuanzia. Na za vijana walioitwa wasomaji, wasilikane jina hilo hata kuni zilipowashwa. Lugha ile ile iliyobeba amri ya kikatili ilibeba na neno walilolifia.

Twapendekeza somo la siku moja. Wanafunzi wapelekwe Namugongo, si siku ya hija, bali siku ya kawaida, palipo kimya. Wazihesabu nguzo. Waende hadi mahali pa Waanglikana, kisha msikitini, wakiomba ruhusa kwa adabu kila mahali. Kisha waketi chini ya mti waandike kwa Kiswahili, kwa ukurasa mmoja, majina ya wale waliowahesabu na ya wale wasiowakuta popote. Wasimwache Mbaga. Na walio hodari wajaribu kuandika pia juu ya Mukajanga, siku aliporudi nyumbani kwake.